Alichosema Kocha Wakati wa Mapumziko

Busunzu, Kibondo
1 Juni 2025

Kwa Mjomba Felisiani Ndayisaba,

Kabla ya yote ujue kwamba barua hii imeandikwa na mwenye mguu bora kuliko miguu yote kati ya Mto Malagarasi na mpaka wa Burundi. Si mimi ninayesema. Ni mimi pamoja na watu wengine. Jumapili iliyopita nilipiga mpira wa adhabu kutoka karibu na choo cha shule. Ukapita juu ya ukuta wa watu watano, ukapita juu ya kipa, ukapita juu ya goli pia, lakini ulivyopita, mjomba, hata refa alisahau filimbi mdomoni. Mbuzi wa katekista aliyekuwa nyuma ya goli mpaka leo hajarudi.

Baada ya hayo nakupigia makofi ya salamu, kama mpwa anavyompigia marume wake. Kwenye karatasi hayasikiki, na hata yangesikika wewe usingeyasikia, kwa hiyo tuko sawa. Dada yako Esteri, mama yangu, hajambo, ni mgongo tu unamsumbua akitoka kuvuna maharage. Anauliza kama mashine yako ya kusaga bado inakula masikio au imeshashiba. Maharage ya bondeni yametoka vizuri, ya mlimani yamepigwa na mvua ya mawe. Nguruwe amezaa kumi, wawili wamekufa. Mimi nimeongezeka kimo.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia wewe simu ni kuongea na gunia la unga, na ujumbe wa simu wewe mwenyewe ulisema hauna nafasi ya kuuliza swali la pili. Konda wa basi la Kasulu amekubali kuibeba.

Sasa jambo lenyewe. Nimekuwa nahodha wa Radi ya Busunzu. Usishangae, hata wao walichelewa kuliona hilo. Tuko kwenye ligi ya ujirani, timu sita za Kibondo na Kakonko, kila timu inacheza na wenzake mara moja, na atakayeshika mkia anatolewa, mwaka ujao anakuwa mtazamaji. Tumecheza mbili: sare moja, kipigo kimoja. Kijiji kizima kimegawanyika kama kanisa lenye wachungaji wawili. Timu ikiyumba, mwenye kosa ni kocha au ni wachezaji?

Nimefanya utafiti. Kinyozi anasema ni wachezaji, lakini yeye mwanawe anakaa benchi. Katekista anasema Mungu anajua, ila hakutaja jina. Mama nilimuuliza akiwa jikoni.

“Maharage yakiungua unamlaumu nani?” akaniuliza.

“Wewe.”

“Na kuni mbichi zililetwa na nani?”

“Mimi.”

“Basi kula.”

Sikuelewa jibu lilikuwa lipi, lakini nilikula.

Mimi nasema ni kocha. Anaitwa Saady, mtu wa Pangani, fundi wa redio na simu pale sokoni, zamani alicheza mpira huko pwani. Kamati imempa ile nyumba ya timu ya matofali ya kuchoma kando ya uwanja, anakaa na mkewe Tunu anayeuza vitumbua. Mwenyekiti wetu Manirambona ameshatangaza: tukishika mkia, Saady anatoka kwenye timu na kwenye nyumba, siku hiyo hiyo.

Mpira anaujua, siwezi kumnyima. Shida ni Kiswahili chake, kinatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Wenzangu Kiswahili wanacho, cha shuleni na cha sokoni, lakini mtu akishakimbia dakika arobaini na tano kinachomwingia kichwani ni Kiha. Kocha mwenyewe aliliona hilo siku ya kwanza ya mazoezi. Kwa hiyo wakati wa mapumziko ananiita pembeni, ananipa maneno yake, mimi naenda kuwapa wenzangu kwa Kiha. Yeye Kiha hana hata cha kuombea maji. Sasa ukitaka kujua nani ana cheo kikubwa pale Radi, piga hesabu mwenyewe.

Wewe ulikuwa kocha. Niambie kosa ni la nani, nikawanyamazishe watu.

Mimi mpwa wako,
Niyitegeka, Nahodha


Kasulu
13 Juni 2025

Mwishwa wangu Niyitegeka,

Barua yako imefika ikinuka dagaa, konda aliiweka juu ya mzigo. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya huyo mbuzi. Pole kwa katekista.

Sisi ni wazima. Binamu yako Claudine anajifunza cherehani, ameshona suruali yenye miguu miwili ya kushoto, naivaa nyumbani ili asikate tamaa. Mama yake amekwenda kuuza ndizi Nyarugusu, akirudi atakuta nimepika mwenyewe na atanuna. Mwambie dada yangu akande mgongo kwa maji ya moto na asiiname na jembe fupi, nilishamwambia tangu mwaka juzi. Masikio yangu yako vile vile. La kushoto linasikia radi tu, ile ya mvua, si ile ya Busunzu.

Unaniuliza kosa ni la nani, nami sijui. Unadhani mtu aliyewahi kuwa kocha anajua. Hapa mashine ikitoa unga wa chenga, mwenye mahindi ananitazama mimi, mimi nayatazama mahindi yake. Tunaweza kutazamana hivyo hadi jioni, kumbe chekeche la ndani limetoboka na hakuna aliyefungua kulitazama. Kwa hiyo mimi huwa nauliza kwanza.

Mechi mliyofungwa, nani alifika uwanjani wa mwisho? Mlikula nini asubuhi? Uwanja wenu una mteremko upande wa shule, nani alichagua mpande kipindi cha kwanza? Nduwayezu yule beki bado anaogopa mpira wa kichwa? Kocha akikuita pembeni, huwa anakupa maneno mengi au machache? Na wewe ukiyapeleka kwa Kiha, yanarefuka au yanafupika? Hili la mwisho usiliruke.

Umesema umeongezeka kimo. Mama yako kaniandikia pembeni mwa bahasha kwamba ni viatu.

Mimi,
Mjomba wako Felisiani


Busunzu, Kibondo
26 Juni 2025

Mjomba mpendwa, msikilizaji wa radi za mvua,

Makofi tena. Mama mgongo umetulia, ila jembe bado ni lile fupi, anasema wewe ulikuwa mbishi tangu unanyonya. Wale nguruwe wanane wana afya. Tumeanza kufyatua matofali, mikono yangu imekuwa kama magome ya mti, miguu haijaguswa, hii ni mali ya kijiji.

Maswali yako nimeyajibu yote. Aliyefika wa mwisho ni mimi, kwa sababu nahodha hafiki mapema kama mwuza karanga. Tulikula mihogo ya kuchemsha na chai. Upande nilichagua mimi, wa kupanda mlima, ili tuuzoee. Nduwayezu bado anaogopa mpira, ila siku hizi anaogopa akiwa amefungua macho. Maneno ya kocha ni machache.

Sasa pokea habari mbaya. Murungu wametufunga mbili kwa moja, kwetu, mbele ya mama zetu. Na tulikuwa tunaongoza. Bao letu nilitoa pasi mimi, pasi ya kiwango cha lami, mfungaji alichofanya ni kutoikwepa tu.

Mapumziko yakawa kama kawaida. Kocha akaniita pale kwenye nguzo ya goli, akaongea kama dakika moja, taratibu, anachora chini kwa kijiti. Nikarudi kwa wenzangu wamekaa kwenye majani wanakunywa maji. Nikawaambia kwa Kiha. Kocha amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, ananisikiliza na kuitikia kwa kichwa, hm, hm, kama mtu anayesikiliza kwaya ya wageni. Basi tukarudi. Mabeki wote wakapanda mbele kushambulia, nyuma akabaki kipa na upepo. Murungu wakapiga mpira mrefu mmoja, goli. Wakapiga mwingine, goli.

Watu wakaanza: kocha gani huyu anayepandisha mabeki wakati anaongoza? Manirambona akasimama kwenye kiti cha plastiki kikavunjika mguu, hata hapo akamlaumu kocha. Nduwayezu akaniuliza njiani, “Hivi kweli mzee alisema tupande?” Nikamwambia, “Mimi ni mdomo tu, kichwa ni chake.”

Sasa tumebakiza mbili. Kijijini wanasema asilimia tisini ni kocha. Kumi iliyobaki ni mkewe kocha.

Na mimi nina swali, maana wewe unauliza kama polisi wa barabarani. Kwa nini uliacha timu ya soko pale Kasulu? Mama nikimuuliza anageuza ugali. Wengine wanasema wachezaji walikuchoka, wengine wanasema wewe uliwachoka. Manirambona anasema maneno ya kocha mkongwe kama wewe yangesaidia sana kamati. Ukitaka kuandika mistari miwili mitatu kuhusu makosa ya makocha, nitaipokea.

Niyitegeka, Nahodha (bado)


Kasulu
10 Julai 2025

Mwishwa wangu,

Nimechelewa kujibu. Mkanda wa mashine ulikatika, lakini hiyo si sababu, ulitengenezwa siku ile ile. Claudine ameshona suruali ya pili, hii ina mguu wa kulia. Nyumbani wote wazima. Mvua imekwisha, vumbi limeanza, nakohoa kidogo asubuhi.

Barua yako niliisoma nikaiweka kwenye debe la misumari. Kesho yake nikaitoa. Hapo uliposema kocha alisimama nyuma yako akiitikia kwa kichwa, nimepasoma mara nyingi. Kocha anayeitikia kwa kichwa namfahamu vizuri.

Nitakwambia kwa nini niliiacha timu ya soko. Ni yako peke yako. Usiisome mbele ya watu, hata mama yako.

Ile miaka masikio yalikuwa yameshaanza kuondoka, na sikumwambia mtu. Nilijua nikisema watanipa pole kisha watampa timu mwingine. Kwa hiyo nilijifunza kutazama midomo, na nisipopata neno naitikia kwa kichwa na kutabasamu. Ukitabasamu watu wanadhani umeelewa na umekubali. Tukafungwa mfululizo. Nikasema vijana ni wavivu, na kila mtu mjini akasema vijana ni wavivu, nami nikaacha waseme.

Kulikuwa na winga mmoja, mwembamba, mwepesi sana. Mapumziko ya mechi moja akanijia ameshika goti, akaniambia kitu. Nikaitikia kwa kichwa, nikampiga begani, nikamrudisha uwanjani. Baadaye kaka yake alinishika shati akanipigia kelele sikioni mpaka nikasikia: aliniambia goti limekufa, anaomba kutoka. Hajacheza tena. Anauza viatu vya mitumba karibu na stendi, anakaa kwenye kigoda mguu umenyooka. Mimi nikipita pale huzunguka kwa nyuma.

Nikawaambia watu kazi ya mashine imekuwa nyingi, nikaondoka. Kosa lilikuwa la kocha. Lakini kama ungeniuliza siku hizo nani ana kosa, ningekwambia wachezaji, na ningekuonyesha hoja kumi.

Sasa na wewe. Katika maswali yangu ulijibu yote, ukaliruka moja, lile nililokuambia usiliruke. Nataka mistari miwili tu. Wa kwanza: alichosema kocha kwenye nguzo ya goli, kwa maneno yake. Wa pili: ulichowaambia wenzako. Si kwamba nakushuku. Nataka kujua tu, kama fundi anavyotaka kufungua.

Mjomba Felisiani


Busunzu, Kibondo
3 Agosti 2025

Kwa Mjomba,

Habari za siku nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi za kinahodha na za matofali. Tumechoma tanuru moja, yametoka mekundu vizuri. Mama hajambo. Nguruwe sasa wako sita, wawili wameuzwa. Mbuzi wa katekista ameonekana Kifura, amenenepa. Huku baridi ya asubuhi ni kali, nadhani na kwenu pia. Suruali za Claudine nazitaka moja, miguu yangu haichagui upande.

Mechi ya nne nilikuwa kitandani na malaria, nikanywa dawa za siku tatu. Wenzangu wakashinda moja bila. Ni bahati, wale jamaa walikuwa na kipa mgeni. Siku hiyo Nduwayezu ndiye aliyekwenda kwenye nguzo kuchukua maneno ya kocha. Nimesikia aliyatoa moja moja kama mtoto anayesoma shairi la shule, watu wakacheka, kisha wakashinda. Bahati.

Mechi ya tano tukacheza na Gwarama, kwao. Sare ilikuwa inatutosha kubaki kwenye ligi. Mapumziko ilikuwa moja moja. Tukafungwa nne moja. Tumeshika mkia.

Kikao kilifanyika kesho yake, Jumatatu, chini ya paa la ofisi ya kijiji, watu wakajaa mpaka madirishani. Manirambona aliongea muda mrefu. Akaniuliza kama mjomba wangu kocha mkongwe ameandika chochote. Sasa, mjomba, nilikuwa na barua yako mfukoni, na watu wote wananitazama. Nilisoma kidogo tu. Nilisoma pale ulipoandika “Kosa lilikuwa la kocha,” na jina lako. Sikusoma mengine. Watu wakasema, umeona, hata Kasulu wanajua. Ilisaidia sana kamati.

Kocha Saady alikuwa amekaa mbele. Hakuongea sana. Wamempa siku kumi atoke kwenye nyumba.

Kuhusu mistari yako miwili, nimeitafuta kichwani, unajua uwanjani kuna kelele, na ni siku nyingi. Alisema mambo ya mabeki. Na mimi nilisema mambo ya mabeki.

Watu kijijini wamefurahi. Swali limejibiwa. Nadhani hata wewe utafurahi.

Niyitegeka


Kasulu
19 Agosti 2025

Niyitegeka,

Salamu kwa mama yako. Sisi wazima.

Kabla ya barua yako kufika, konda alishaniandikia nyuma ya tiketi: “Mzee, barua yako imesomwa Busunzu kikaoni, pole na hongera.” Sikuelewa pole ni ya nini na hongera ni ya nini. Nilikasirika siku nne. Siku ya tano yule kijana wa goti akaja mashineni, habari ilikuwa imemfikia kwa njia zake, na uziwi wangu siku hizi mji mzima unaujua, akaunganisha mwenyewe. Akachukua chaki akaniandikia ukutani: Ni kweli hukunisikia? Nikaandika chini yake: Kweli. Akakaa kwenye gunia, nikazima mashine. Miaka yote alidhani nilimsikia. Hakusema amenisamehe. Ila alikunywa chai.

Kwa hiyo sina haja ya kukugombeza, umenifanyia jambo ambalo mimi mwenyewe sikuweza. Lakini hukulifanya kwa ajili hiyo.

Mmeshinda mechi moja tu, siku uliyokuwa kitandani. Unaandika kama mtu anayenipa ufunguo huku akitazama pembeni.

Bado nasubiri mistari miwili. Usiponiandikia hiyo, usiniandikie mengine.

Felisiani


Busunzu, Kibondo
7 Septemba 2025

Marume,

Mama hajambo. Jembe jipya nimemnunulia, refu. Mengine ya nyumbani ni yale yale.

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilianza na mguu wangu, nikaichana. 

Kocha Saady na mkewe waliondoka siku ya tisa, hawakusubiri ya kumi. Nilikuwa nimepita pale kwa bahati. Si kwa bahati, nilikwenda. Toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ilikuwa imesimama mlangoni, vitu vyenyewe havikuwa vingi: godoro, sanduku la vifaa vya redio, karai la vitumbua. Kocha alikuwa ndani anafunga kamba. Nikambebea Tunu karai.

Akaniambia, “Mwakeye, nahodha.”

Nikaitikia. Nilidhani ni salamu tu, salamu kila mgeni anajifunza. Akaendelea. Kiha kilekile cha mama zetu sokoni, hata ile ya kuvuta maneno mwishoni anayo. Miaka miwili anauza vitumbua pale, mjomba, wateja wake wote ni wetu, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayekaa sokoni ana masikio. Akasema siku ya mechi ya Gwarama alikuja kumletea mumewe chai wakati wa mapumziko, akasimama pembeni ya mti, akanisikia mwanzo hadi mwisho. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anahesabu vikombe huku anaongea.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni.

“Nilimwambia mume wangu usiku ule ule,” akasema. “Akaniambia ninyamaze. Akasema, nitamwomba mwenyekiti amuulize nahodha, atasema mwenyewe, si mtoto mbaya.”

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sikukuandikia. Nilikuandikia kwamba kocha hakuongea sana kikaoni. Kweli hakuongea sana. Manirambona alimuuliza, “Wewe ndiye uliyewapandisha mabeki?” Kocha akageuka, akanitazama mimi, akasema, “Muulizeni nahodha. Yeye ndiye aliyenisemea.” Nilidhani anajificha nyuma yangu. Kumbe alikuwa amenifungulia mlango na amekaa kando ili nipite.

Kocha alipotoka ndani alinishika mkono. Akasema nisiache kupiga ile mipira ya adhabu, ila niinamishe kifua. Akapanda toyo. Tunu akakaa juu ya godoro. Wakaondoka na vumbi lao, nami nikabaki nimeshika kifuniko cha karai, nikakimbia nyuma yao mpaka kwa kinyozi, hawakusikia.

Jana niliwakusanya wenzangu pale uwanjani, nikawaambia. Nilianza na Nduwayezu. Hakunipiga. Aliniuliza tu, “Na ile ya Murungu pia?” Nikasema na ile pia. Akavua kitambaa cha unahodha mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemtoa mgonjwa bandeji, akakiweka mfukoni kwake. Manirambona nimemwambia leo baada ya ibada. Anasema kikao kimeshafungwa. Nimeomba kingine. Kama atakataa, nitasimama hapo hapo nje ya kanisa niseme mwenyewe, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiha.

Uliniuliza kama maneno yalikuwa yanarefuka au yanafupika. Yalikuwa yanabadilika. Sikufanya kwa kutomwelewa, nilimwelewa kila neno. Kila mapumziko kocha alikuwa ananiambia nikae katikati nilinde, nisivuke mstari, na mimi nilitaka kufunga. Nilitaka watu waseme jina langu njiani. Basi nilikuwa naweka langu ndani ya lake, na yeye amesimama nyuma anaitikia, na wenzangu wanatii kwa sababu wanadhani ni yeye.

Mistari yako ni hii, ya Gwarama.

Kocha alisema: “Sare inatutosha. Mabeki wasipande hata mmoja. Wewe kaa mbele yao uwalinde.”

Mimi nilisema: “Kocha anasema tupande wote, na kila mpira nipewe mimi.”

Na kikaoni, Manirambona aliponiuliza kama niliyafikisha maneno ya kocha kama yalivyo, nilisimama mbele ya kijiji kizima, mbele ya mama yangu, nikasema ndiyo.

Niyitegeka